Mwenye Ufunguo Ndiye Msemaji

Jumatatu, 9 Mei 2011

Nina miaka sabini na nne. Nimewazika madaktari wawili walionikataza chumvi. Nimemaliza baridi kumi na tatu za hapa Alby, Uswidi. Nimebaki hata baada ya mke wangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa na hakika nitatangulia mimi. Shule niliishia darasa la tatu. Darasa la tatu la wakati ule, si hili la sasa.

Jumamosi kina Yvan wa Södertälje wanakuja kumposa mjukuu wangu Belyse. Binti yangu Concessa kanipa kazi moja tu: kuweka nafasi ya ukumbi wa jengo, ule wa chini. Msemaji wa familia hajachaguliwa bado. Ni mimi au shemeji Évode wa Tensta, kaka wa marehemu mke wangu, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya mbu. Concessa kasema: Papa, hili la ukumbi likikushinda, atasema mjomba. Nikamjibu kwamba mwenye ufunguo ndiye mwenye neno.

Belyse alitaka tushuke wote anisomee vibao. Kasema kwa Kiswidi, kama kawaida yake. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba sijasomewa na mtu tangu ubatizo.

Jumanne, 10 Mei

Nimeshuka. Kuta mbili, vibao viwili. Cha kwanza ni karatasi tu, na penseli imening'inizwa kwa uzi. Jumamosi iko tupu. Cha pili ni ubao wa maana: siku zote za mwezi, matundu, na makufuli madogo yenye namba za nyumba; ukitia kufuli lako kwenye tundu, saa hizo ni zako. Ukumbi wa heshima hauandikwi kwa penseli. Nikaenda kwenye makufuli.

Kufuli letu, namba kumi na saba, nimelikuta kwenye Jumatano. Sijui nani alilitia hapo. Nikalitoa. Jumamosi saa saba hadi saa kumi na moja palikuwa na kufuli la namba tatu, yaani Truphosa, yule Mkenya. Nikamgongea mlango. Akauliza: mzee, wewe unataka masaa yangu ya Jumamosi? Una nguo nyingi hivyo? Nikamwambia nguo zitakuwa nyingi, na watu watakuwa ndani yake. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akataka sambusa kumi na mbili za Concessa. Nimekubali. Kufuli lake likatoka, letu likaingia, klaki.

Wakati narudi, jirani Anton alikuwa amesimama kwenye ile karatasi na penseli yake. Kaniuliza kama naitaka Jumamosi. Nikampungia mkono aandike. Mtu mkubwa huwaachia wengine vitu vidogo.

Jumatano, 11 Mei

Concessa karudi juu na kapu zima la nguo chafu. Anasema kuna mtu kamnyang'anya zamu, na vitambaa vya meza vya Jumamosi vilikuwa humo. Nimemwambia jengo hili limeharibika, watu hawana adabu. Akaenda kazini na hasira.

Nimeshuka kuujaribu ufunguo. Haufungui kabla ya saa yako. Mlango wa chuma. Ndani kunavuma. Ukumbi wenye jenereta yake! Évode atakoma.

Ijumaa, 13 Mei

Évode kaja na hotuba yake kwenye karatasi. Sentensi nne. Nimezihesabu mara mbili nikidhani nyingine zimeanguka njiani. Yangu iko kichwani, inaanzia kwa babu wa babu.

Akaniuliza ukumbi ni mlango upi. Nikamwambia ule wa chuma. Akasema: shemeji, jengoni kwetu nyuma ya mlango wa chuma ndipo tunapofulia. Nikamwambia Tensta ni Tensta. Concessa alikuwa jikoni, hakusikia yote, lakini alitaka kushuka aone. Nikaweka ufunguo ndani ya soksi, nikamwambia babake hajawahi kukaguliwa. Mimi sijafua hata leso tangu nioe, vyumba vya kufulia nitavijulia wapi?

Jumamosi, 14 Mei

Waliambiwa saa saba, wakafika saa tisa. Watu kumi na watatu. Nikatangulia na ufunguo, nyuma yangu kreti za Fanta. Nikafungua.

Mashine tano za kufulia. Mbili za kukaushia. Joto kama jikoni. Ng'ambo ya ukuta, nyuma ya mlango wa mbao, watoto wa Anton wanaimba wimbo wa kuzaliwa na maputo yao.

Concessa kaniangalia jicho la mama yake. Nikasema: wakwe, karibuni, familia yetu hupokea watu mahali pasafi kuliko pote. Severin, msemaji wa kina Yvan, mzee mwenye fimbo, akapanda juu ya mashine namba nne, akakaa. Akasema ameposa katika nchi tatu, amedaiwa hadi ng'ombe mwenye nyota usoni, lakini kujaribiwa hivi bado. Watu wakacheka, wakakaa walipoweza. Belyse na vazi lake la mushanana juu ya kikaushio.

Basi neno nikalipata. Nani angebisha na ufunguo ninao mimi? Nikaanza kwa babu wa babu. Nikapita vita, nikapita njaa, nikapita ng'ombe mmoja mmoja. Shangazi wa Yvan alijipepea na sahani. Évode alitazama saa mara sita. Wivu.

Saa kumi na moja kamili mlango ukafunguka. Mama wa Kiswidi wa namba tisa, na kapu la shuka. Hakutukana. Alionyesha ubao, akaonyesha saa yake. Nikamwambia asubiri, ndiyo kwanza namaliza habari za babu yangu. Alisubiri muda wa kufungua mashine. Shuka zikaingia, Severin akaombwa ashuke. Mashine ikaanza. Nikapandisha sauti. Na yenyewe ikapandisha. Ilipofika kwenye kukamua nilikuwa nimefumba macho, nimenyoosha mkono, nawaita wahenga.

Nilipoyafumbua nilikuwa na mama wa shuka peke yetu.

Wote walikuwa kwenye ngazi. Nikasikia ile sauti ya mbu: Mmeomba. Tumesikia. Binti amekubali. Karibuni chakula. Vigelegele jengo zima. Vya sentensi nne!

Belyse alimkumbatia Évode. Halafu akaja kwangu, akanikamata mkono, akasema kwa Kiswahili, mara ya kwanza mwaka huu: babu, uliishia wapi? Nikamwambia nilikuwa bado sijazaliwa.

Jumapili, 15 Mei

Concessa kasema ukumbi wa harusi ataweka mjomba Évode, na msemaji atakuwa yeye. Vitambaa vya meza bado vichafu. Ugonjwa nimeshauona: masaa manne ni machache.

Baada ya kanisa nimeshuka. Jumamosi ijayo wazee wa pande zote mbili wanakutana kupanga harusi, na hotuba haijaisha. Kufuli letu tayari liko, saa saba hadi saa kumi na moja. Zamu inayofuata kaweka la kwake Truphosa, kwa sambusa ishirini, shuka zisije tena kunikatiza. Concessa sijamwambia. Ufunguo uko kwenye soksi.

Asemaye kwamba sikuzungumza vizuri amuulize Severin, alikaa juu ya namba nne mpaka alipoombwa ashuke. Amuulize Truphosa. Na yule mama wa namba tisa. Yeye alibaki mpaka mwisho.