Kiti cha Mzee Joachim

Jumanne, 22 Aprili 2025

Semina! Pilau ya Pasaka bado iko tumboni, tumeshafungiwa ukumbini na mtaalamu kutoka Morogoro, eti atufundishe kupanga safari zetu za kupanda vyeo. Kwa nini sasa? Mzee Joachim, mkuu wetu wa ghala, yuko likizo ya mwisho, anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti chake kinabaki wazi. Hapa kuna kitu.

Mtaalamu akauliza kila mmoja anajiona wapi baada ya miaka mitano. Mtego huo! Ukisema juu, unataka kumpindua meneja. Ukisema hapa hapa, wewe ni mzigo. Nikajibu najiona popote kampuni itakaponiweka. Levina wa mizani yeye akasema bila aibu kwamba anajiona mkuu wa ghala. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kidogo.

Jambo moja nimelishika. Mtaalamu kasema mchapakazi asiyeonekana hapandi cheo. Sharti uonekane! Miaka tisa mimi ni msaidizi wa ghala katika kampuni hii ya kununua na kukoboa mpunga. Baba mkwe bado ananiita "yule kijana wa magunia". Nina miaka arobaini na tatu! Kile kiti nakitaka mpaka roho inaniuma.

Jumatano, 23 Aprili

Levina kaniamkia "shikamoo kaka Hilary" mara mbili asubuhi moja. Mara mbili! Anatafuta nini?

Nikapeleleza. Kumbe hana raha. Shamba lake la ng'ambo ya mto linaanza kuiva, kweleakwelea wameshuka kwa maelfu, na watu aliowaweka kuamia ndege wamemkimbia. Anaogopa kuomba ruhusa wakati kiti kinagombewa.

Mungu ana mambo yake! Nikavaa sura ya katekista. Nikamwambia dada yangu, kazi ipo tu, lakini mpunga ukishaliwa umeliwa. Nenda kapande juu ya dungu lako shambani, fukuza ndege wako, mizani niachie mimi. Akatokwa na machozi. Akasema hakujua kama nina roho nzuri hivi. Hata mimi sikujua.

Nikamsindikiza mwenyewe kwa meneja, Mzee Dionisi. Meneja akakubali, kisha akatazama nje dirishani muda mrefu, akashusha pumzi. Amemkatia tamaa. Safi!

Ijumaa, 25 Aprili

Nimefika wa kwanza. Koti nimelitundika kwenye kiti, ili hata nikienda chooni nihesabike nipo. Nikapita mbele ya ofisi ya meneja na faili, nikarudi na faili lile lile. Mlango umefungwa. Nassib, mlinzi wa getini, kasema meneja yuko kwenye kikao. Kikao gani? Hajui, kaambiwa aseme kikao. Alikuwa anabana kicheko. Huyu Nassib namtilia shaka siku nyingi.

Mchana nikagundua hata Agnetha wa uhasibu hayupo. Kikao. Fundi mashine naye kikao. Tumebaki mimi, Nassib na panya. Sasa nimeelewa: ni kamati ya kumchagua mkuu mpya, haiwezi kuwa kitu kingine. Na mimi sijaitwa kwa sababu anayejadiliwa huwa haitwi! Nimekula ugali mpaka Emerensiana, mke wangu, akauliza kulikoni.

Jumatatu, 28 Aprili

Kikao kinaendelea. Simu ya meneja haipatikani. Wamejichimbia mahali pasipo na mtandao ili siri isivuje. Makubwa haya!

Nikaamua wanione kwa nguvu. Kaja mfanyabiashara wa Mang'ula na lori la mpunga wa kutuuzia. Nikampimia mwenyewe, kila gunia nikipigwa picha nimelikumbatia, natabasamu, picha zote nikatupa kwenye grupu la wafanyakazi. Aliyejibu ni Nassib peke yake, kwa dole gumba, na ndiye aliyekuwa ananipiga picha.

Mfanyabiashara akanishukuru mno. Akanibariki mpaka na watoto wangu. Nikaona hapa si bure. Nimekuja kuona jioni, kwenye picha: miguu yangu yote miwili iko juu ya mizani. Kila gunia limepimwa na Hilary juu yake! Nimezifuta haraka. Nadhani hakuna aliyeona.

Jumatano, 30 Aprili

Emerensiana alikwenda ng'ambo kumsalimia shangazi yake. Karudi anacheka, hata hajakaa, eti bosi wenu kwa kombeo hajambo! Bosi gani? Mzee Dionisi. Yuko juu ya dungu tangu Ijumaa, anaamia ndege kwenye mpunga wa mama yake. Na dungu la jirani ni la nani? La Levina! Wanafukuza ndege kutwa nzima, ndege wakitulia wanapiga soga, huyu dungu hili, yule dungu lile. Levina anamweleza ghala lilivyo: bati linavuja, panya wamejaa, magunia yamepangwa ovyo. Magunia niliyapanga mimi! Meneja anacheka, anauliza zaidi. Jioni wanachoma samaki, perege wa mtoni, pamoja. Agnetha yupo. Fundi yupo.

Jamani! Na aliyemsukuma aende ni mimi! Emerensiana kaniuliza nimezaliwa wapi, mtu wa Ifakara nisiyejua kwamba mpunga ukianza kuiva ofisi zinahamia shambani. Nilidhani mameneja hawaamii ndege. Nilidhani wana watu wao. Chakula kimenishinda.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Wafanyakazi wa mji mzima wanaandamana na fulana mpya. Mimi nimevuka daraja na shati la ofisini na debe bovu. Nikasimama kwenye tuta kati ya yale mashamba mawili, nikapiga debe, nikapiga mayowe, nionekane. Ndege wote waliokuwa kwa Levina wakainuka. Wakatua kwa mama yake meneja.

Donge la tope likanipata sikioni. Meneja akaomba radhi kutoka juu, akasema alilenga ndege. Sina hakika. Akashuka. Akaniambia kwa upole kwamba miaka yote, kila akiniuliza hali ya ghala, namjibu "safi kabisa mzee". Juu ya dungu ndiyo kwanza ameambiwa ukweli. Kiti ni cha Levina. Akaongeza kuwa picha za mizani aliletewa mpaka shambani, kwenye simu, hata kabla sijazifuta. Nassib!

Nikampongeza Levina. Akanishika mikono yote miwili, akasema bila mimi asingekuja shambani. Najua, dada, najua! Njiani nikalia. Nilipofika nyumbani nikasingizia vumbi, na mvua ilikuwa inanyesha.

Jumatatu, 12 Mei

Mkuu mpya kaniita. Kaanza na shikamoo, kama zamani. Kasema kuna nafasi moja ya kozi ya usimamizi wa maghala, Morogoro, anataka niende mimi, nikirudi niwe naibu wake. Kasema hakuna anayejua lile ghala kama mimi.

Naibu! Bure bure? Baada ya mambo yote yale? Anataka kunitoa mjini. Mtu akiwa kozini nani anamwona? Nikakataa kwa adabu.

Kisha nikamfuata Nassib getini. Nikamwambia mdogo wangu, kijana mwenye akili kama wewe usizeeke na rungu, nenda wewe kozi. Akatokwa na machozi. Levina akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia asilimia mia. Akatingisha kichwa, akasaini.

Jumatatu, 19 Mei

Nassib kaondoka na basi la asubuhi. Watu hawajui hesabu niliyoipiga! Geti limebaki wazi, na hakuna anayeingia kwenye kampuni hii bila kupita getini. Nimeomba nilishike mimi mpaka arudi. Wamekubali pale pale, haraka mpaka nikaingiwa na wasiwasi.

Nimepewa filimbi na gwanda la Nassib, linanibana makwapani. Asubuhi meneja kapiga honi, nimemfungulia, kanipungia mkono. Mchana kapiga tena. Jioni tena! Miaka tisa ghalani hajawahi kuniona mara tatu kwa siku. Na yule Nassib maskini yuko Morogoro huko, nani anamwona?