Kula ya Giaboksi

Wekoye hakuwa fundi, lakini ovaroli alikuwa nayo, na madoa ya oili aliyapaka mwenyewe kwa uangalifu wa bibi harusi. Asubuhi moja mjini Kitale aliona gari dogo la automatic limekwama kando ya barabara likifuka moshi, na mama mmoja mnene akilipepea kwa leso. Wekoye akamshukuru Mungu, kwani naye alikuwa mcha Mungu riziki ikionekana.

"Pole, mama. Hiyo giaboksi inachemka. Unahitaji kula."

"Nimekunywa chai tayari, fundi."

"Si kula ya mdomo, mama! Ni 'cooler', kifaa cha kupoza oili ya gia. Kinafungwa mbele ya rejeta. Nakuja mpaka kwako nyumbani, nakufungia ukiangalia."

Mama huyo aliitwa Sellah, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kabuchai. Alikubali upesi mno. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini, lakini Wekoye aliamini ni ufasaha wake.

Kesho yake akafika Kabuchai kwa pikipiki yake mpya, amebeba wavu wa nyuma ya friji mbovu, kaupaka rangi nyeusi ukang'aa. Nia ilikuwa kuufunga kwa waya tu, ale chake, aende. Lakini alipoliona lile gari, lililokuwa limevutwa hadi nyumbani, limeoshwa, viti safi, tamaa ikampanda. Ya nini kuiba yai na kuku mwenyewe amesimama hapo?

Akaingia chini ya gari, akaguna, akatoka na uso wa matanga.

"Mama, giaboksi imekufa. Hata nikikufungia friji nzima, haitasaidia."

"Woi! Sasa nitafanya nini, mwanangu?"

"Wewe ni kama mama yangu. Wacha huu mzigo niubebe mimi, nikuachie pikipiki."

"Ati pikipiki mpya hivi? Hapana. Siwezi kukuumiza."

Ikabidi Wekoye ambembeleze. Alibembeleza hadi koo likamkauka, na majirani waliokuja kushuhudia wakamwonea huruma. Mwishowe Sellah akapokea ufunguo wa pikipiki, akamwombea msafiri kwa sala ndefu.

Wekoye akaondoka kiwiko nje ya dirisha, akimpigia simu mnunuzi wa Kitale. Alipopita Kimilili akakuta mlima. Injini ikapiga kelele, gari likasita, kisha likaanza kurudi nyuma polepole, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Akalisimamisha kwa breki, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia. Kilitoka na uji mzito wa unga wa mbao. Dawa hiyo aliijua vizuri: hunyamazisha giaboksi mahututi kwa kilomita chache tu. Aliwahi kuitumia kuwalaghai watu wazima wenye watoto.

Akampigia Sellah. "Mama! Giaboksi imekufa!"

"Si wewe mwenyewe ulisema? Hata mafundi wote wa Bungoma waliniambia hivyo. Nilipokusikia nikasema, huyu kijana kazi anaijua bana!" Nyuma ya sauti yake pikipiki ilikuwa ikinguruma vizuri sana.

Wekoye akakaa kwenye nyasi. Miaka yote akisema uongo, halafu siku moja anasema ukweli kwa bahati mbaya, na yeye pekee ndiye asiyeuamini! Akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha kicheko kikaisha, gari likabaki.

Trekta la miwa likasimama, mwendeshaji wake akachungulia. "Niaje, boss. Hii gari ina shida gani?"

Uongo mzuri ulimjia mdomoni, akaumeza.

"Dereva," akasema.