Vita vya Hezekia na Kofia ya Pama

Sogeeni, enyi wenye masikio, nanyi mliolala amkeni! Majembe yaegemee ukuta, redio zizimwe, mbuzi wafungwe mbali wasije wakatia neno. Kwa maana habari inayokuja si ya wafalme wala majemadari, hao wamesemwa mpaka wamechosha, bali ni habari ya Hezekia wa Unyambwa, mpanda baiskeli asiyeshuka kilimani, mpenda kofia, mateka wa maduka, ambaye siku moja alikwenda Singida mjini na hela mfukoni akarudi na kile alichotumwa.

Mnacheka. Hamumjui Hezekia.

Msimu uliopita shujaa huyu alitumwa mbegu ya alizeti. Akarudi na redio yenye taa, soksi za wacheza mpira na chupa ya manukato, mbegu, hakuna. Shamba likapandwa masalia ya ghalani yaliyotobolewa na wadudu, na alizeti ikaota kama nywele za mgonjwa, hapa mche, kule udongo mtupu. Mlevi hakuwa, mhuni hakuwa. Kosa lake ni kwamba mkono wake ulitangulia dukani, na kichwa kikafuata nyuma kikihema.

Basi asubuhi ile, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya, Febronia mkewe, binti wa wafuga ng'ombe, malkia wa kamba, alisimama mlangoni akanena:

"Baba Ritha, nisikilize vizuri. Mwaka huu ukirudi bila mbegu, safari za mjini ni zangu mpaka tuzikwe. Wewe utabaki hapa na mbuzi."

Neno hilo lilimwingia Hezekia kama mkuki, kwani mjini ndiko roho yake ilikopumulia. Kubaki na mbuzi! Mbuzi hawana habari mpya.

"Basi nirushie kwenye simu, nitalipa kwa simu," akajaribu.

"Hela ya simu haina uzito. Unabonyeza, imekwenda, na wewe bado unatabasamu."

Naye Febronia alikuwa amekwisha kupita kwa wakala, akaitoa yote, akaifunga kwenye pembe ya kanga kuukuu kwa fundo lile lile analomfungia ndama mkorofi, fundo lisilofunguka ila kwa meno, tena polepole. Na Hezekia, mjue, meno ya mbele aliyaacha njiani zamani.

"Na usimpe mtu akufungulie," akamalizia. Hilo hakuhitaji kuambiwa. Kwao, mtu mzima akifunguliwa fundo la hela na mkono wa mwingine, ni sawa na kulishwa uji hadharani.

Akapanda farasi wake wa chuma. Upepo wa Singida, ule usiomwogopa mtu, ukamkaba kifuani, akaupasua. Mawe makubwa ya kando ya njia yakamtazama akipita, koti likipepea kama bendera ya jeshi lisilo na askari wa pili.

Adui wa kwanza alimkuta karibu na soko. Alikuwa ni Pendo, muuza supu, mwenye sufuria inayotoa moshi na ulimi unaotoa moto.

"Babu, shikamoo! Kuku wa kienyeji huyu, kachemka tangu alfajiri. Kaa hapa."

"Marahaba, mama." Mguu ukasimama wenyewe, kiuno kikakaa chenyewe. "Nipe bakuli, na ndimu."

"Hela kwanza, babu. Leo watu wananikimbia."

Hezekia akatoa kanga, akalivamia fundo kwa magego. Akaling'ata kulia, likakataa. Akaling'ata kushoto, likamcheka. Wateja wakaja, wakala, wakaondoka.

"Babu," akasema Pendo, "unalifungua hilo fundo au unalisuka?"

Na hapo, katika kungoja huko, likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea katika maisha ya Hezekia: kichwa kikaufikia mkono. Akakumbuka kuwa alikula ugali na mlenda nyumbani, tena akaongeza. Akaliuliza tumbo lake, Ewe tumbo, una njaa? Tumbo likajibu kwa haki kabisa, Mimi nimeshiba. Mwenye njaa ni pua.

Akainuka. "Mama, pua imekula, imeshukuru. Ubarikiwe."

"Pua hailipi!" Pendo akampigia kelele, lakini anacheka.

Huo ulikuwa mpambano mdogo. Vita vyenyewe vilimngoja kwa Kurji.

Duka la Kurji, mjue, limepangwa na mtu mwenye akili. Mbegu ziko nyuma kabisa, na kuzifikia lazima upite korongo refu la tochi, mikanda, saa za ukutani na vyombo vinavyometa. Mateka wengi wameachwa humo.

"Shikamoo, mzee Hezekia!" Kurji akaita kutoka nyuma ya meza. "Ile redio inaimba?"

"Marahaba, Kurji. Inaimba. Inaimba njaa."

"Pole. Lakini tazama juu hapo."

Akatazama. Ole wake, akatazama! Ilining'inia kofia ya pama, ya rangi ya asali, ukingo mpana kama ua wa mfugaji, utepe mweusi kiunoni. Moyo wa Hezekia ukapiga ngoma, na kanga ikawa tayari mdomoni.

Akang'ata. Akavuta. Jasho likamtoka. Ndipo Zara, binti wa Kurji, mwenye huruma kupita kiasi, akaja mbio na kitu kinachong'aa.

"Mzee, unajitesa bure. Mkasi huu hapa. Kata tu!"

Kukata si kufunguliwa, aibu haimo. Mkono wa Hezekia ukanyanyuka kuelekea mkasi, na mbali Unyambwa, nadhani, mbuzi walitega masikio.

"Weka chini silaha hiyo, binti!" akanguruma. Akaigeukia kofia, akaihutubia mbele ya watu wote: "Ewe mzuri, nitakuvaa wapi? Shambani nina ya ukindu, na wewe jua litakumaliza. Kanisani utavuliwa mlangoni. Kwenye baiskeli, upepo utakupeleka Manyoni bila nauli. Msibani hatujipambi. Nikununue, nikuvae kitandani?"

"Basi ivae hapa hapa, mzee," Zara akasema akicheka, "ujitazame, halafu uiache."

Akaivaa. Akasimama mbele ya kioo, akageuka huku, akageuka kule, akawa gavana, akawa askofu. Akashiba. Akaivua, akairudisha kwa heshima.

"Kurji. Mbegu ya alizeti. Iliyo bora."

"Leo umenimaliza, mzee," Kurji akaguna, huku anapima. "Haya, mbegu umeshaamua. Kata basi."

"Hapana. Nikiuzoea mkasi nimekwisha."

Akang'ata mpaka fundo likasalimu amri, akalipa, akafunga chenji upya kwa mkono wake.

Jioni Febronia alimlaki uani. Akafungua mfuko, akachota mbegu, akazimwaga kutoka kiganja hiki hadi kile, nyeusi, nzima, zenye uzito. Kisha akamkagua mume wake kama askari wa mpakani.

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

"Vua koti." Akavua. "Soksi?"

"Za mwaka jana, mama Ritha. Zina matundu, tazama."

Akatazama. Akakaa juu ya kinu, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ukingo wa kanga yake. Kisha akaingia ndani, akatoka na noti mkononi, tupu, isiyofungwa na kitu chochote, akaiweka katika kiganja cha Hezekia.

"Chumvi imekwisha. Nenda dukani kwa Filipo kabla hajafunga."

Enyi mtakaozaliwa, wakiwatajia mashujaa walioteka ngome na kuvuka majangwa, wasikilizeni kwa adabu, halafu waulizeni: kati yao nani alipita mbele ya duka la Filipo, penye maandazi ya moto, biskuti na soda baridi, noti ikiwa wazi mkononi kama ndege asiyefungwa mguu? Hezekia wa Unyambwa alipita. Akaingia, akatoka.

Alirudi na chumvi. Na chenji.