Jua la Wingwi Hadi Novemba

Jumatatu, 21 Oktoba 2024
Fomu zimetoka! Mpango wa mwaka wa tatu wa Fizikia: kozi nne, mradi mmoja, zirudi zimesainiwa Ijumaa kabla ya saa sita. Lengo langu ni moja tu, nisiangukie Thamodinamiki ya Juu. Anaifundisha Dk. Consolatha, aliyenipa sapu mbili, mitihani ya kurudia, mwaka jana kwa uso mkunjufu kabisa. Nikifeli kwake tena nadisko, yaani nafukuzwa chuo, na mama kule Wingwi keshanunua kitambaa cha mahafali. Keshakionyesha kijiji kizima. Zulekha, mwenzangu wa darasa, amejaza fomu yake kabla sijapata kalamu. Kwa rula!

Jumanne, 22 Oktoba
Nimechagua Elimu ya Anga. Nyota hazina sapu. Mshauri wetu wa masomo, Mwalimu Telesphory, mtu wa Bukoba anayecheka kabla ya kusema, amenirudishia fomu. Anga inadai Kwanta kwanza. Kwanta inadai Hisabati ya Tatu. Hisabati ya Tatu ni siku na saa ile ile ya Kwanta. Nimeuliza nani kapanga ratiba hii. Ni yeye.

Nikiwa chumbani kwangu Madungu, mama akapiga simu. Karafuu zimejaa jamvini, mawingu yanapita, hana mtu wa kuzianua. Nikamwambia nashughulikia mpango wa masomo.

"Nshakwambia, Haitham," akasema, "karafuu hazingoji cheti."

Akakata. Hapo hapo akili ikanijia.

Jumatano, 23 Oktoba
Kozi nimejaza nne nyepesi, Thamodinamiki haimo. Mradi wangu: Kasi ya Ukaukaji wa Karafuu katika Jua la Wingwi. Wiki nne nje ya darasa, nimekaa kando ya jamvi, kipimajoto mkononi, chai pembeni. Chuo nimekiambia kijiji kimeniomba. Mama nimemwambia chuo kimenituma. Wote wamefurahi. Mwalimu Telesphory kacheka mpaka kavua miwani, akaomba abaki na andiko langu. Nina kipaji, basi tu sisemi.

Alhamisi, 24 Oktoba
Zulekha ameniuliza hesabu za maji kutoka kwenye karafuu zinafundishwa katika kozi gani. Nikamwambia aache kijicho. Akasema hana kijicho, anauliza tu. Wenye kijicho ndivyo wanavyosema.

Mchana nimefanya kazi kweli kweli. Daftari la vipimo limejaa, siku zote ishirini na tisa, kuanzia Jumamosi hii hadi 23 Novemba. Kila siku jua kali, nyuzi thelathini na moja. Desimali nimezibadilisha badilisha ili ionekane nilitoka jasho. Sasa nitapumzika Wingwi bila bughudha.

Ijumaa, 25 Oktoba
Imesainiwa! Saa tano na dakika hamsini. Kisha nikaisoma.

Mwalimu Telesphory kaona mradi ni mzuri mno kwa msimamizi wa kawaida, kampa Dk. Consolatha. Na kwa kuwa kukauka ni habari ya joto, mradi unakwenda pamoja na Thamodinamiki ya Juu. Lazima. Dk. Consolatha alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Haitham, nimengoja miaka minane," akasema, "mwanafunzi aichague kozi hii kwa hiari yake."

Machozi yalimlenga. Mimi pia. Kesho anakuja Wingwi pamoja na Zulekha, aliyejitolea kusaidia, kuanza vipimo.

Jumamosi, 26 Oktoba
Mvua! Saa nane mchana imeshuka ghafla. Sote tukakimbia na majamvi, mama mbele, Dk. Consolatha nyuma kavua viatu. Daftari nililisahau juu ya gunia. Zulekha, kwa wema wake, akaliokoa. Akalifungua kuona kama halikulowa. Akasoma ukurasa wa kwanza, akampa Dk. Consolatha.

Daktari akasimama barazani, maji yanamchuruzika puani, akasoma kwa sauti: Jumamosi, saa nane, jua kali, nyuzi thelathini na moja nukta nne. Akafunua hadi 23 Novemba. Mama akauliza kuna nini humo. Akaelezwa yote, taratibu, kama jamaa wa mgonjwa.

Mama akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa cha mahafali, akafunika nacho gunia la karafuu. Hakunitazama. Imeniuma sana, siandiki zaidi.

Jumapili, 27 Oktoba
Hukumu ya Dk. Consolatha na mama imetoka. Chuoni sitashtakiwa. Nitapima kila nusu saa, wiki nne, na kila kipimo mama akitie sahihi. Thamodinamiki nitafundishwa na Zulekha kwa simu, kila jioni. Vipimo vikikamilika, kitambaa kitafuliwa na kurudi sandukuni. Vikipungua hata kimoja, nadisko, na mama anakikata mapazia.

Nimekaa nikalitafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Nimeliona. Kosa lilikuwa jua. Nani ataamini Wingwi siku ishirini na tisa bila tone? Daftari jipya liko tayari: kila Jumanne mvua, kila Alhamisi mawingu. Sahihi ya mama nimeijaribu mara ishirini. Ile ya kumi na saba hata yeye mwenyewe angeapa ni yake.