Kijiko Kidogo Uani

Jumapili, tarehe 2 Machi

Imeamuliwa. Tena mezani, nikiwa na chakula mdomoni, nisiweze kupinga. Mkwe wangu alisema, kwa adabu yake ile ya kuzungumza na sahani, kwamba mama yake anahamia kwetu Jumamosi na atahitaji chumba. Chumba kilichopo ni stoo. Stoo ndimo nilimo mimi. Binti yangu akaongeza haraka haraka kwamba mpwa wangu, kule mji wa pili, ana kochi zuri, na kwamba itakuwa kwa muda tu.

Kwa muda tu! Tangu nitoke kwetu nimehama mara saba, na kila mara iliitwa hivyo. Muda huo sasa una miaka thelathini na mmoja.

Nikameza. Nikauliza itakuwaje nikijijengea chumba uani. Mkwe akacheka, kisha akaona sicheki. Akasema, haya baba, ukimaliza kuchimba msingi kabla ya Jumamosi saa sita mchana, matofali ni juu yangu, na hakuna atakayekuhamisha. Anaujua mgongo wangu. Anajua pia kwamba jembe letu lina mpini uliopasuka. Lakini ameahidi mbele ya mkewe. Nimeandika neno kwa neno.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Miaka yote hii hakuna aliyenipa. Sawa. Nitajipatia mwenyewe, tena lenye injini.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekwenda yadi ya mashine, nyuma ya kituo cha mafuta. Kule kila mashine ya kuchimbia, yenye mkono mrefu na ndoo ya meno, huitwa kijiko. Vingi ni vikubwa kama nyumba. Lakini pembeni, kati ya rundo la matairi na kontena kuukuu lenye dirisha moja, kulikuwa na kijiko kidogo, cha njano, kimo chake kama kabati la nguo. Nilisimama. Nilivua kofia.

Upana: sentimita 98. Uchochoro wetu wa kuingilia uani: 104. Nimeupima mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimebana pumzi.

Anayesimamia majaribio ni dada mmoja mwenye buti za njano. Mteja makini hupewa mashine siku tatu bure, mradi ajaze fomu ya tathmini, kurasa nne. Aliniuliza natoka kampuni gani. Nikasema nafanya tathmini kwa niaba ya mteja mmoja mzee, mgumu, mwenye kiwanja kidogo. Hakuna neno la uongo hapo. Akauliza kama nimewahi kuendesha kijiko. Nikamjibu kwamba katika maisha yangu nimeona mengi. Akaandika "ndiyo".

Nikamuuliza habari za lile kontena. Akasema linawaziba njia tu, atakayeweza kulinyanyua alichukue. Nimeyahifadhi hayo akilini.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mambo mawili leo: ruhusa na mafunzo.

Ruhusa. Nilingoja binti yangu awe anapiga pasi huku ameibana simu begani. Nikasema naomba kuleta kijiko kidogo uani, Alhamisi hadi Jumamosi. Akasema, baba jamani, droo imejaa vijiko, na wewe unaomba ruhusa? Chukua hata viwili! Saa nne na dakika kumi asubuhi. Nimeandika. Ruhusa ni ruhusa.

Mafunzo. Nimesoma kitabu cha maelekezo chote. Mashine ina vyuma viwili vya kushika, kimoja kila mkono. Nikaketi kwenye kigoda jikoni na miko miwili. Mwiko wa kushoto, mkono wa mashine unapanda. Wa kulia, ndoo inafunga. Panda, geuka, funga, mwaga. Saa tatu nzima! Mara moja niligeuka kwa nguvu mno, mwiko wa kulia ukagonga sinki na kukatika. Nimevunja mwiko, kwa maana zote mbili, kwani huo ulikuwa wa marehemu bibi yake binti yangu.

Jirani alinichungulia dirishani. Mtaa mzima humwita Winchi, kwa sababu miaka arobaini aliendesha winchi ya kunyanyulia mizigo bandarini, na hakuna siku anayopitisha bila kukukumbusha. Akauliza ninampikia nani bila sufuria. Nikasema ni mazoezi ya mabega. Akasema basi bega la kushoto limechelewa.

Husuda.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kimefika! Kimepita uchochoroni kwa nafasi ya vidole viwili kila upande. Binti yangu alitoka na kupiga ukelele. Nikamkumbusha Jumanne, saa nne na dakika kumi. Akasema kijiko, baba? Hiki ndicho kijiko? Nikasema kidogo. Akaingia ndani na mlango ukajibamiza wenyewe, nadhani kwa upepo.

Buti za Njano akaniuliza nimezoea mpangilio upi wa vyuma. Kumbe ipo miwili! Kuna swichi chini ya kiti. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikasema "wowote", kwa sauti ya mtu aliyezeeka migodini. Akafurahi, akaigeuza swichi, akaenda zake.

Ole wangu! Kila nilichojifunza kwa miko kilikuwa kinyume. Nilitaka kushusha ndoo, mashine ikageuka robo duara, ikachukua kamba ya nguo. Mashati matatu ya ofisini ya mkwe wangu na suruali moja vikaning'inia kwenye meno ya ndoo. Nikajaribu kuvirudisha taratibu. Vikapanda juu zaidi, vikapepea, mtaa mzima ukaona.

Winchi alikuwa ukutani. Akasema, mzee mwenzangu, sherehe ya nini, mbona umepandisha bendera? Akanieleza habari za ile swichi. Akajitolea kupanda anionyeshe. Nikamshukuru, nikakataa. Swichi sitaigusa: Winchi amenitajia, na nikiigeuza sasa nitakuwa nimemsikiliza. Nitaanza upya, kinyume. Nimeshaanza upya katika mambo makubwa kuliko haya.

Fomu, kipengele cha tatu, wepesi wa kuitikia: 10 kati ya 10.

Kufikia magharibi: mtaro mmoja, umepinda kama mkia wa mbwa. Zimebaki pande tatu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo mikono imetii! Kuanzia saa tatu asubuhi sikukosea hata mara moja, labda nne. Udongo wa juu mweusi, chini yake mwekundu, mzito, unaokatika kama keki. Kwetu ungechimba hadi gotini tu, maji yakaja. Sikujua kwamba bado nakumbuka harufu ya udongo ule. Nilizima injini dakika moja. Kisha nikaendelea.

Chumba: mita nne kwa tatu. Mtaro: upana sentimita sitini, kina hadi pajani. Ule wa jana nimeunyoosha. Mlango utatazama mawio, na ufunguo utakuwa mmoja, mfukoni mwangu.

Winchi aliniambia asubuhi nimalizie nikiwa nje, la sivyo nitajifungia ndani. Nikamwambia hii ni nchi kavu, abaki na meli zake.

Saa nane mchana nikamaliza upande wa nne. Nikafuta jasho. Nikatazama mbele: mtaro. Nyuma: mtaro. Kulia na kushoto vilevile. Nimejichimbia kisiwa, na kijiko cha watu kimesimama katikati!

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi binafsi ningeweza kuruka. Lakini mashine haina magoti, na Winchi alikuwa ananitazama. Kwa hiyo nikawasha tena injini, nikakaa kwenye kiti, wima, nikiandika kwenye fomu. Winchi akaleta kiti chake. Akaleta na chai yake. Nikakaa hadi saa kumi na moja.

Fomu, kipengele cha tisa, matumizi ya mafuta mashine ikiwa imetulia: yamepimwa kwa kina.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Saa nne akaja Buti za Njano. Alizunguka shimo lote. Akauliza hili lilikuwa jaribio gani. Nikasema nilitaka kujua kama mashine inaweza kujijengea banda. Akapanda, akanyoosha mkono wa mashine ng'ambo ya mtaro, akaikita ndoo chini, akajivuta kama mzee anayetoka kitandani. Dakika moja haikuisha. Ukingo mmoja tu ulibomoka kidogo. Winchi akapiga makofi, mimi nikakagua mawingu.

Aliisoma fomu amesimama, kurasa zote nne. Akasema tangu aanze kazi hajapata tathmini yenye ushairi. Akauliza mteja amesemaje. Nikasema bado anatafakari.

Saa sita kasoro dakika ishirini mkwe akaja na futi kamba. Akapima pande zote nne, mara mbili, akitafuta kasoro. Hakuiona. Akasema, baba, nilisema na sirudi nyuma, matofali yatakuja Jumatatu. Akanipa mkono. Kidogo nilie. Kidogo.

Saa sita kasoro kumi mama yake akafika, mapema. Sanduku moja, sauti ya mwalimu mkuu. Alichungulia stoo, akanusa, akatoka. Akaja uani, akasimama ukingoni mwa msingi wangu, pale pa mlango, nilipochomeka vijiti viwili. Akapiga vigelegele. Mwanangu! Umenichimbia chumba! Mbali na kelele, tena kinatazama mawio!

Mkwe akanitazama mimi. Akamtazama mama yake. Akautazama udongo. Akasema, ndiyo, mama.

Binti yangu alinivuta pembeni. Akaninong'oneza kwamba baba, si umeshinda? Huhami tena, stoo ni yako. Ni kweli. Ila mpaka kuta zisimame mama atalala stoo, na mimi kwenye kochi la sebuleni. Kwa muda tu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kochi ni fupi. Nimepata nafasi ya kutafakari makosa yangu. Ni moja tu: nilichimba chini. Chini kila mtu ana madai. Juu hakuna mtu!

Stoo ina paa la zege, bapa. Kontena la yadi lina dirisha, nami niliambiwa atakayeweza kulinyanyua alichukue. Kitasa kipo. Nimempigia simu Buti za Njano, nikaomba jaribio la siku tatu la winchi yao ndogo, fomu nitajaza. Akauliza ni kwa mteja gani. Nikasema yule yule.

Jirani yangu hatahusishwa. Ataharibu.

Ruhusa: nilimngoja binti yangu ashike pasi, simu begani, akinyoosha mashati yenye viraka vya meno. Nikasema Jumatano naomba kuleta winchi uani. Akasema, baba, hapo umenifurahisha, majirani kupatana ni jambo la heri, nitawawekea chai na viti viwili. Saa nne na dakika kumi na tano. Nimeandika.

Sikusema "kumleta". Nilisema "kuleta". Sikudanganya hata kwa herufi moja.

Winchi ina vyuma vinne vya kushika. Nimekwenda kununua miko.