Mume Wangu Si Kioo, Bwana Karani

Kwa Bwana Oswald, Karani wa Mizigo, hapo gatini.

Salamu nitakupa mwishoni, maana na wewe Jumatatu hukunipa. Mtu wa umri wangu ametoka Mwandiga, ana gunia kichwani, wewe unamuuliza "aina ya mzigo" kabla ya shikamoo. Nani alikulea?

Mzigo ulikuwa vitu viwili, vyote vya harusi ya mjukuu wangu Leonia, Jumamosi hii, kule Kirando: kioo cha kujitazamia, zawadi yangu, na picha ya babu yake, marehemu Anatoli, ndani ya fremu. Picha itawekwa kwenye kiti cha babu, mbele kabisa, ili huyo bwana harusi amwombe mke uso kwa uso. Ukavikataa vyote viwili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kioo, kwa kuwa fremu yake ni ya mninga, umekiandika "fanicha". Anatoli, kwa kuwa mbele yake kuna kioo, umemwandika "vioo". Na wewe umevaa miwani. Mbona hujajibandika karatasi ya kuvunjika?

2. Umesema vitu hivyo husafiri vimesimama, havilazwi. Anatoli amelala kaburini mwaka wa tisa sasa. Hata alipokuwa hai hakuna aliyewahi kumsimamisha kabla ya saa nne asubuhi. Utamweza wewe?

3. Umecheka nilivyofunga. Nilizungushia khanga mbili, nikavitumbukiza katikati ya gunia la dagaa wakavu, nikashindilia. Hivyo ndivyo mama yangu alivyosafirisha chemni za taa ziwa zima, na mimi nimefanya hivyo kabla hujazaliwa. Eti dagaa ni chakula, chakula hakifungwi na vioo. Kwani nani atamla Anatoli?

4. Hili ndilo limenishikisha kalamu. Umetaka nimtie kwenye sanduku la mbao, nyasi kavu pembeni, misumari juu. Kijana, mume wangu nilishamtia kwenye sanduku la mbao mara moja. Ile misumari niliisikia yote. Sirudii.

5. Basi, kwa kuwa si fanicha, si vioo, si chakula, wala simziki tena, naomba rasmi aandikwe abiria. Mpe tiketi na kiti cha upande wa nchi kavu, maana mawimbi yalikuwa yakimtapisha. Dagaa ndiyo mzigo wake. Kioo atakipakata.

Ukikataa, Alhamisi kabla boti haijaondoka nitakuja kukaa juu ya mzani wako, utafute mwenyewe na mimi ni mzigo wa aina gani.

Sasa marahaba, ingawa shikamoo hukuitoa. Wasalimie wapakiaji wote, hasa Feliksi aliyenitua gunia; huyo alilelewa. Mama yako mwambie nampa pole.

Ni mimi,
Winfrida, mjane wa Anatoli, Mwandiga.

Nyongeza: Nimefungua gunia nitoe dagaa wa mboga ya leo. Kioo cha Leonia ni kizima. Cha Anatoli kimepasuka kutoka sikioni mpaka kidevuni. Dagaa wameshuka chini wote, yeye kabaki juu anagongana na mninga. Usimwambie mtu. Fundi wa Mwanga atanibadilishia kioo kesho asubuhi. Mchana uje hapa nyumbani na lile sanduku lako, na nyasi nyingi. Msimamishe vizuri. Na misumari usianze kupiga mpaka niwe nimefika kisimani.