Kamati ya Vichwa Vitatu

Inatangazwa kwa wananchi wote wenye masikio kwamba kuanzia sasa wanaruhusiwa kutumia na macho. Ndivyo lilivyosomeka tangazo la Idara ya Burudani, mchezo wa redio wa Sayari ya Foleni ulipopewa kibali cha kuhamia kwenye televisheni, kwenye vitabu vya katuni na jukwaani. Mkurugenzi aliliandika kwa mkono wake na akalipenda sana.

Alikuwa na sababu. Kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi naye alikitamani, na mchezo huo ukiwa hewani hakuna aliyethubutu kumsemesha Waziri. Ulihusu chombo cha anga kilichotua sayari ya mbali, abiria wakaambiwa wapange foleni ya kuruhusiwa kushuka, na mpaka leo wamo ndani. Mtawala wa sayari hiyo ana vichwa vitatu: kimoja kinafoka, kimoja kinabembeleza, kimoja kinalia. Vyote vilikuwa kazi ya mwigizaji mmoja aliyeitwa Kinyonga. Alifokea kwenye maikrofoni, akabembelezea ndani ya ndoo, na kulia akalilia kwenye mkono wa koti.

Tatizo likawa sura. Mkurugenzi aliunda Kamati ya Vichwa, ihakikishe hakuna uso utakaofanana na wa kiongozi yeyote. Kila mwigizaji aliyeletwa akafanana na mkubwa fulani: huyu pua, yule mashavu, na mmoja alifanana na Mkurugenzi mwenyewe kwa namna ya kukaa kimya akiulizwa swali. Kamati ikatumia busara. Televisheni ikaonyesha giza saa nzima, sauti ikiwa safi kabisa. Katuni zikachapishwa bila watu, maneno tu yakielea. Na jukwaani, ikaamriwa pazia lisifunguliwe kwa ajili ya mtu yeyote.

"Sasa si itakuwa redio tena?" mkewe aliuliza.

"Redio haina pazia," Mkurugenzi alimjibu.

Mke akaenda kumsaidia mama yake kuchagua nguo ya uzinduzi. Mama mkwe huyo hakuwahi kukosa kipindi hata kimoja, wala hakuwahi kumsifu mkwewe kwa jambo lolote.

Siku ilipofika, ukumbi ulifurika. Na kwa kuwa sheria ni msumeno, Mkurugenzi naye alilazimika kuhutubia akiwa nyuma ya pazia.

"Ndugu wananchi," alifoka, "hakuna atakayeingia awamu ya kutazama kabla ya kukamilisha awamu ya kusubiri kutazama."

Watu wakaangua kicheko.  Mkurugenzi maishani aliogopa mambo mawili, kuchekwa na kukosa cheo, na sasa yalikuwa yanamjia yameshikana mikono. Akabadili mbinu, akabembeleza: jamani, wakitulia kidogo tu kutakuwa na soda. Wakapiga miguu sakafuni, na mmoja akapaza sauti kwamba hicho sasa ni kichwa cha pili. Mkurugenzi akakiona kile kiti kikiyeyuka. Akalia kweli kweli, kwikwi na makamasi.

"Mimi nimesoma, jamani. Mimi ni mtu mzima."

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Kinyonga, aliyekuwa akingoja zamu yake pembeni, aliweka ndoo chini taratibu. "Mkubwa," alisema, "mimi hapa umenimaliza."

Waziri aliingia nyuma ya pazia akijifuta machozi. Alisema katika utumishi wake wote hajaona ofisa aliyezama kwenye kazi kiasi kile, na papo hapo akatoa uteuzi. Mkurugenzi atakuwa Mtawala wa Sayari, ajira ya kudumu, nyuma ya pazia. Ukatibu Mkuu akapewa Kinyonga, kwa uzoefu wake wa kusema mambo matatu tofauti kwa mdomo mmoja.

 Njiani kurudi nyumbani mama mkwe alimshika Mkurugenzi bega, kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Umeniheshimisha, baba," alisema. "Ila kile kinacholia, kesho kipe muda zaidi. Hicho ndicho chako."